Lysken Verdonck, Aliyechonga Uso wa Maria

Marehemu Lysken Verdonck alizaliwa tarehe 9 Machi 1511 hapa Mechelen, akiwa binti wa pekee wa Mzee Lieven, mpakaji wa dhahabu kwenye sanamu. Kusoma sala alifundishwa na watawa, lakini kazi aliijulia mezani kwa baba yake, akipaka dhahabu nywele za malaika kwenye vile vialtare vidogo vya alabasta, lile jiwe jeupe laini, ambavyo kila mmoja wenu anacho chumbani na hupiga magoti mbele yake kabla ya kulala.

Tarehe 4 Mei 1532 alifunga ndoa na fundi mchongaji Gommaar katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto watatu, Klaartje, Adriaan na Digna, na huyo Klaartje wetu tauni ilimchukua Agosti 1549, akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Viungo vya Gommaar vilipovimba, Lysken alishika patasi mwenyewe, na kazi zote zikatoka kwa alama ya mumewe, kwa sababu chama cha mafundi humruhusu mwanamke kupaka dhahabu tu, na ikawa hivyo hata baada ya Gommaar kufariki tarehe 12 Januari 1553.

Mwaka 1555, nyumbani kwa mkuu wa chama, Mzee Rombout, ambaye yuko hapa mbele yetu, kialtare kilisuguliwa kwa maji na majivu kama sufuria, jambo ambalo alabasta haivumilii, na uso wa Maria ukafutika wote. Kililetwa kwa Lysken atafute fundi, akauchonga uso upya yeye mwenyewe, na mzee alipokuja kukichukua akalia machozi, akasema, "Mama, fundi huyu anamshinda hata marehemu mumeo! Nitajie jina lake, nimwandikishe chamani leo hii."

"Basi niandikishe mimi, mzee wangu," akajibu Lysken.

Mzee hakucheka. Kialtare alikwenda nacho, na wiki iliyofuata chama kikaja kuchukua patasi zake zote, na tangu siku hiyo hakuchonga tena.

Kifua, kilichojaa vumbi la jiwe, kilimlaza Novemba iliyopita, akafariki juzi, tarehe 3 Februari 1561. Sisi wa familia tulikiomba chama kile kitambaa cheusi kinachofunika jeneza la kila fundi, tukajibiwa kwamba marehemu hakuwa fundi, ndiyo maana mnaona jeneza limefunikwa kwa aproni yake. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Tunamshukuru tabibu Hendrik, watawa waliomuuguza, majirani waliotuletea mkate na supu, na wapaka dhahabu waliofunga karakana leo ili wambebe.

Mzee Rombout, nawe tunakushukuru kwa kufika. Usiku ukipiga magoti, mwangalie vizuri huyo Maria wako, maana uso ule ni wa Klaartje, mama yake aliuchonga kwa kumbukumbu, na miaka sita sasa unamwomba mtoto wetu akuombee.

Lala salama, fundi Lysken.