Geti la Mama Oliva

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo tunamkumbuka Hironimus Luambano, fundi wa kuchomelea wa Mfaranyaki, hapa hapa Songea. Amefariki Jumanne kwa presha, akiwa na miaka sitini na nane. Mjane wake, Mama Oliva, analia huku amekasirika. Kusema kweli, hata mimi nimekasirika.

Miaka kumi na tisa, jamani! Miaka kumi na tisa Mama Oliva aliomba geti. Mumewe aliwatengenezea mageti nusu ya mtaa. Kwake je? Uwazi mtupu. Mbuzi wa jirani wanaingia, wanakula figiri bustanini, wanatoka wameshiba.

"Baba Oliva, geti."

"Wiki hii hii, Mama Oliva."

Anaingia karakana, anawasha mashine. Mama anasubiri geti. Jioni anatolewa bata wa chuma, amevaa buti! Mwezi unaofuata, kuku anayeendesha baiskeli. Vyuma chakavu vyote viligeuka wanyama wa vituko. Mvua zimeanza, mama anatafuta jembe lake la palizi, analikuta limekuwa sikio la tembo. Siku hiyo aligoma kupika.

"Nilimwambia akale tembo wake," anasema mama. "Akacheka. Yule mwanaume alikuwa anacheka mpaka unachoka kununa."

Baada ya mazishi, binti yao Oliva alifungua karakana. Wakakuta geti. Tuseme nusu geti: upande mmoja umekamilika, upande wa pili haujaguswa. Na huo uliokamilika umejaa nini? Mbuzi! Mbuzi wa vijiko na minyororo ya pikipiki, wamevaa miwani, wanatafuna figiri ya bati.

Mama Oliva alilitazama weee. "Hata kufa ananitania," akasema, akakaa chini akalia.

Kassimu, fundi aliyefanya kazi na marehemu, alikuja kutoa pole.

"Shemeji, upande wa pili nitakumalizia mimi. Siku mbili tu."

"Usiguse!" mama akamkatiza. "Ukilimaliza, nitamgombeza kwa lipi?"

Basi nusu geti limefungwa hivyo hivyo kwenye ule uwazi. Mbuzi wanapita upande ulio wazi, na mama anawafukuza huku akimsema mumewe kwa jina.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Mama Oliva, kwa Oliva, na kwa mafundi wote wa Mfaranyaki. Mzee Hironimus apumzike kwa amani. Na wewe fundi unayenisikiliza hapo ulipo, nyumbani wamekuomba nini, na tangu lini? Zima redio. Nenda ukaanze.