Tawi Lililopakwa Kijani

SHEMEJI: Haloo? Nani mwenzangu?

MKAGUZI: Mimi, shemeji. Mkaguzi wako wa programu. Au namba yangu nayo umeifuta?

SHEMEJI: Salama kwanza. Mtandao leo una—

MKAGUZI: Unanisikia. Nimekifungua kile chombo chetu, kile cha kuchora amri ya mashine iwe mti, penye kosa pawe pekundu. Nimeipa amri ya dripu: dawa mbili, presha ikishuka zisimame zote.

SHEMEJI: Na mti umetoka kijani. Sasa?

MKAGUZI: Kijani cha kupaka. Nimechungulia chini ya rangi. Sharti la presha limening'inia kwenye tawi la dawa ya kwanza. Ya pili inaendelea kumwingia mgonjwa hata akizimia.

SHEMEJI: Hiyo kanuni moja ya lugha ya programu, tutai—

MKAGUZI: Ulitakiwa urekebishe kanuni. Wewe ukarekebisha chombo, kisionyeshe nyekundu. Kidonda kinanuka, mtu anapulizia marashi.

SHEMEJI: Wateja walishaketi. Niwaonyeshe mti umewiva kama pilipili?

MKAGUZI: Ndiyo.

SHEMEJI: Hujawahi kukaa mbele ya wenye suti wewe.

MKAGUZI: Na jina langu ukaliacha hapo chini. Imekaguliwa na fulani.

SHEMEJI: Punguza moto, shemeji. Hospitali yenyewe ndiyo kwanza... [mkwaruzo]

MKAGUZI: Ndiyo kwanza nini? Si ulisema hawajaifunga programu kwenye mashine zao?

SHEMEJI: Wanajaribu tu. Wodi moja.

MKAGUZI: Ipi?

SHEMEJI: Unakatika-katika.

MKAGUZI: Sikatiki. Wodi ipi?

SHEMEJI: Mbona mwangwi hivyo? Uko wapi?

MKAGUZI: Ngazini, hospitali. Mama, mkweo, kalazwa tangu jana. Dada alikupigia, ukamwambia uko na wageni.

SHEMEJI: Kalazwa wapi?

MKAGUZI: Wodi ya wanawake, juu.

SHEMEJI: Katundikiwa chupa ngapi?

MKAGUZI: Wewe mtu wewe. Wodi yenyewe ndiyo hii?

SHEMEJI: Ngapi, jamani? Panda huku unaniambia.

MKAGUZI: [akihema] Nimefika... Mbili. Nesi, samahani, nesi, hiyo mashine ya mama, naomba uizi—

SHEMEJI: Haloo?

SHEMEJI: Haloo, shemeji? Mashine imezimwa? [simu imekatika; anapiga yeye]

SIMU: Samahani, salio lako halitoshi kupiga simu hii.