Umri wa Jiwe kwenye Ungo wa Kahawa

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, pembeni ya barabara ya Bwera inayoshuka kwenda mpakani Mpondwe, na mimi ndiye ninayepika kahawa hapo, mwanangu Hardy akiwa mgongoni. Wenye ubao wao ni watatu. Mzee Syahuka tunamwita Mizani, kwa sababu alipima na kuchambua kahawa ya wakulima wa Kyondo kwa miaka thelathini. Fidèle ni mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na jina lake la kijiweni ni Duwane, maana hakuna hadithi yake isiyopita forodhani. Wa tatu ni Karuhanga, yaani Saruji, aliyekuwa mtu wa tanuri kwenye kiwanda kimoja huko Kasese. Huyo, moshi ukimwelekea mwanangu, hulihamisha jiko mwenyewe bila kuulizwa, kisha hurudi kubishana kama hajafanya kitu.

Jumamosi moja asubuhi alikuja Madamu Zerida, mwalimu wa jiografia wa kidato cha kwanza. Ni binti mdogo bado, na shuleni yuko kwa majaribio mpaka muhula uishe. Alitua mfuko wa mawe chini, akaomba kahawa, kisha hakuinywa. Mzee Mizani akamsogezea nafasi, akamuuliza kama hayo mawe anajengea nyumba. Akasema hapana, ni ya somo.

Basi akatueleza. Wiki mbili zilizopita alifundisha umri wa mawe. Aliandika ubaoni kwamba jiwe linaweza kuwa na miaka milioni nyingi, na mtoto mmoja akauliza ni nani alikuwepo akahesabu. Darasa likacheka. Yeye akasimama na chaki mkononi mpaka kengele ikalia, na mwalimu mkuu alikuwa anapita dirishani. Sasa Jumatatu mwalimu mkuu atakaa nyuma ya darasa, somo ni lilelile, na Zerida akikwama tena, darasa litapewa mwingine.

— Kufundisha siogopi, alisema. Naogopa swali ambalo sitakuwa na jibu lake.

Nadhani kila mmoja alikuwa anatafuta namna ya kumsaidia, na kwa watu wetu msaada huanza na ubishi. Duwane ndiye aliyeanza.

— Madamu, unasumbuka bure. Jiwe iko inakomea, inakuwa mukubwa, kama mutoto. Kwetu Butembo nililima shamba, nikatoa mawe yote, yote. Mvua ikanyesha. Kurudia pale, mawe iko ingine. Ilitoka wapi? Ilikomea. Donc, unapima ukubwa, unapata miaka.

Mzee Mizani akamwambia kwamba nyumbani kwake Kyondo kuna jiwe ambalo babu yake alilikalia, baba yake akalikalia, na yeye analikalia, na halijaongezeka hata kidole.

— Hiyo ni kwa sababu munaikalia, Duwane akamjibu. Hata mutu ukimukalia hawezi kukomea.

Saruji akasema wote wawili hawajui kitu. Yeye amekaa mbele ya moto miaka kumi na mmoja, akaona mawe yakiingia na kutoka.

— Jiwe ukiichoma sawasawa, miaka yake inaisha. Inaanza moja. Inatoka pale ikiwa kitoto.

Tulicheka. Lakini Zerida hakucheka. Aligeuka akamtazama Saruji kwa macho makubwa.

— Rudia hapo, mzee.

— Wapi?

— Hapo pa kuanza moja.

Saruji akarudia, safari hii kwa wasiwasi, kama mtu aliyeitwa polisi. Zerida akachukua jiwe moja jeusi kutoka mfukoni. Alisema alilitoa upande wa Kikorongo, kwenye mashimo makubwa ya zamani ambako ardhi iliwahi kutema moto. Jiwe la namna hiyo likiyeyuka, hesabu yake ya nyuma inafutika. Likipoa likawa gumu, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo anayetafuta umri wake hatafuti siku ardhi ilipoumbwa. Anatafuta siku jiwe lilipopoa.

Saruji akanyoosha mgongo. Nilimwona akiangalia kushoto na kulia, apate kujua kama wapita njia nao wamesikia.

— Na hiyo hesabu inaandikwa wapi? akauliza Mzee Mizani.

Hapo Zerida akanitazama mimi. Pembeni ya jiko nilikuwa na ungo wa kahawa mbichi iliyokobolewa, niliyokusudia kuikaanga, na bakuli la maharagwe ya chakula cha mchana. Akaniomba vyote viwili, na kopo tupu la maziwa ya unga. Nikampa. Mimi niliishia darasa la saba, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniomba kitu cha kufundishia.

Alihesabu punje mia moja za kahawa akazitia koponi. Akasema ndani ya mawe mengine kuna chembe ndogo zisizoonekana, ambazo hazikai zilivyo. Moja moja zinageuka kuwa kitu kingine. Kopo ndilo jiwe, kahawa ndizo hizo chembe. Unatikisa, unamwaga kwenye ungo. Punje iliyolala kifudifudi bado ni ileile. Iliyolala chali, mstari wake ukiangalia juu, imegeuka, basi unaitoa na mahali pake unaweka haragwe. Unarudisha vyote koponi, unatikisa tena.

Tukajaribu. Mara ya kwanza karibu nusu ya kahawa ikawa maharagwe. Mara ya pili, nusu ya ile iliyobaki. Kila mtikiso unakula nusu, wala haumalizi. Kwenye jiwe, akasema Zerida, kila mtikiso ni miaka inayojulikana, basi ukijua limetikiswa mara ngapi umejua umri wake.

— Sasa nageuka nyuma, akasema Zerida. Mtikise mnavyotaka, msiniambie mara ngapi. Nitawaambia mimi.

Akageukia barabara na kuziba masikio. Saruji alitikisa, Duwane akabadilisha punje, mara mbili, wakanyamaza kama wezi. Zerida akarudi, akahesabu kahawa ishirini na sita na maharagwe sabini na nne.

— Mara mbili.

Duwane akasimama, akazunguka ubao, akaketi tena. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akauliza kuna nini, akajibiwa kwamba Madamu anasoma miaka ya mawe kwenye kahawa ya Mama Hardy. Mteja aliyetaka kikombe nilimwambia asubiri, na alisubiri akiwa ameinama juu ya ungo. Duwane akaanza kusema kwamba kopo hili lipelekwe Butembo, maana ana shemeji aliyeficha umri wake ili apewe dada yake Duwane, na familia imebishana miaka yote. Saruji akataka kopo kubwa, pipa kabisa, wapime milima yote ya Rwenzori kwa siku moja. Halafu akasema kama kuyeyuka kunarudisha hesabu mwanzo, yeye yuko tayari kurudi tanurini, aingie mwenyewe mzima, atoke kijana.

— Utatoka chokaa, Mzee Mizani akamwambia.

Wakataka mara nyingine. Safari hii Mzee Mizani akasema yeye atashika ungo, kwa kuwa hao wawili wanamwaga punje ovyo. Zerida akatia tena punje mia koponi, akageuka. Wakatikisa mara tatu, nami nilihesabu kimoyomoyo. Zerida akaja, akainama, akahesabu kahawa. Zilibaki punje tatu.

— Mara tano, akasema.

Duwane akapiga paja.

— Tatu, Madamu. Ilikuwa tatu.

— Haiwezekani.

— Tatu. Uliza hata mama wa kahawa.

Zerida akaniangalia, na mimi sikuweza kumdanganya. Nikainua vidole vitatu. Uso wake ukabadilika, nikaona jinsi alivyosimama siku ile na chaki. Duwane aliyekuwa anacheka akaacha katikati, akajifanya anakohoa. Saruji akasema labda kopo limechoka. Zerida akakaa chini kando ya ungo, akasema taratibu kwamba Jumatatu itakuwa hivihivi, mbele ya mwalimu mkuu.

Lakini hakuondoka. Akaanza kuhesabu na maharagwe, moja moja, kwa kidole. Themanini na nane. Akaongeza zile kahawa tatu.

— Tisini na moja, akasema. Niliweka mia. Kuna kitu kimetoka kwenye jiwe.

Tukatazamana. Hapo Mzee Mizani akashusha macho kwenye mapaja yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta amevaa kofia ya jirani. Kwenye pindo la koti lake zilikaa punje tisa za kahawa: nyeusi, zilizovunjika, na zilizotobolewa na wadudu.

Mkono wake ulichambua wenyewe. Miaka thelathini umepewa ungo ili utoe punje mbaya, na asubuhi hiyo umepewa ungo.

— Niliona zitamharibia mama huyu kahawa yake, akasema. Nisamehe, mwanangu. Nimekutobolea jiwe lako.

Machozi yalinilenga, maana ni kweli ile kahawa ningeikaanga baadaye, na mzee hajawahi kunywa kwangu kikombe bila kusema wasingya, yaani asante kwa Lhukonzo. Zerida naye hakukasirika. Alikuwa ameshasimama. Alisema ndivyo mawe yanavyofanya kweli. Maji yanapita ndani, joto linakuja, kitu kinachukuliwa, na jiwe linabaki likidanganya umri. Ndiyo maana wapimaji hawahesabu kitu kimoja tu. Wanahesabu na kile kilichozaliwa, yaani yale maharagwe, wanapima mawe mengi ya mahali pamoja, hesabu zikikataana wanajua jiwe limeguswa.

— Mzee, nizipe hizo tisa, akasema. Jumatatu nitaziiba mbele ya watoto, niwaache wakamate mwizi.

Mzee Mizani akazifunga kwenye kipande cha gazeti kama mtu anayefunga dawa, akampa kwa mikono miwili. Birika lilikuwa limekauka wakati huo, kahawa mbichi imechanganyika na maharagwe, na hakuna aliyeuliza kikombe.

Ndipo alipofika msichana mmoja na kopo la kuombea makaa ya moto. Ni Aimée, anaishi kwa shangazi yake Marie-Louise, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Walikuja kutoka upande wa Beni mwaka juzi, wakati wa vita. Ni mwanafunzi wa Zerida, lakini Zerida mwenyewe alituambia baadaye kwamba darasani hajawahi kumsikia sauti, maana masomo ni kwa Kiingereza na Kiingereza chake bado kidogo. Alisimama, akatazama Saruji akitikisa kopo upya, akatazama punje zikimwagwa. Alitazama mitikiso miwili mizima, wakati mimi nilikuwa nimeshamjazia kopo lake.

— Madamu, akasema kwa sauti ndogo. Zile zenye ziko zimebakia. Ni ipi itageuka sasa?

— Hii hapa ya pembeni, akajibu Saruji upesi.

Wakatikisa. Ya pembeni ikalala kifudifudi.

Duwane akachagua iliyo kubwa, kwa kuwa kubwa ina nguvu ya kupinduka. Haikupinduka. Mzee Mizani akachagua yenye tumbo bapa, akaeleza kwa nini, na maelezo yake yalikuwa mazuri sana, nayo haikupinduka. Kisha wote wakamgeukia mwalimu.

Zerida alikuwa amekodoa macho kwenye ungo. Nikasema moyoni, Mungu, si tena, si mbele ya mtoto huyu. Nikaanza hata kufikiria kuangusha birika.

— Sijui, akasema.

Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

— Sijui, Aimée. Na hakuna anayejua duniani, hata hao wakubwa wenye mashine. Wanajua nusu itageuka. Wanajua itachukua muda gani. Lakini ukiwashikia chembe moja, ukawauliza kama ni hii, hawawezi kukujibu.

— Ata batu ba Ulaya?

— Hata wao.

Aimée akatazama ungo upya, kama umemsemesha. Zerida akamshika bega, akamwomba Jumatatu aulize swali hilohilo, mwalimu mkuu akiwa amekaa. Msichana akarudi nyuma hatua moja.

— Nitasema na luga gani? Batanicheka.

— Uliza hivihivi ulivyouliza hapa. Mimi nitaligeuza kwa Kiingereza, nitawaambia ni swali la Aimée. Jaribu sasa tusikie.

Aimée akaweka kopo la makaa chini. Wale wanaume watatu, ambao sijawahi kuwaona wakimwachia mtu amalize sentensi, wakakaa wima kwenye ubao na mikono magotini. Duwane akavua kofia. Msichana akasimama mikono nyuma, akauliza tena, na safari hii hata fundi baiskeli alisikia.

— Kwa nguvu zaidi, akasema Zerida. Mwalimu mkuu anakaa nyuma kabisa.

Akauliza mara ya tatu. Makaa yake yalikuwa yameshaanza kufanya majivu, nikamwongezea mawili mekundu, akaondoka akilirudia swali lake njia nzima.