Mwezi Mzima Treni Ilipita

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Mama Kahawa mwenyewe, mchana wa harusi ya binti yake wa mwisho, miaka minne baada ya tukio. Kituo cha treni anapouzia kahawa hakina mfanyakazi: ni chumba kimoja, dirisha la tiketi lililopigiliwa mbao, na benchi la saruji. Baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo wa mwisho. Alipostaafu hakuletwa mwingine, na Mama Kahawa akabaki na jiko lake la mkaa hapo hapo. Mwezi wa tukio hilo barua ilibandikwa dirishani: treni isiposimama hapa hadi tarehe thelathini, kituo kitafutwa na jengo litavunjwa. Tarehe thelathini ilikuwa imefika, na dereva mpya alikuwa hajasimama hata mara moja.

— Dereva ana dharau — alisema Kinyozi pale bencini, akipuliza kikombe cha kahawa. — Ndiyo ile, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Tumepona nini sasa? — aliuliza Fundi Saa. — Tatizo ni mteremko. Treni za siku hizi nyepesi, zikisimama hapa zinarudi nyuma zenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hamjui historia nyinyi — alisema mwalimu mstaafu, waliyemwita Bunge kwa kuwa hanyamazi. — Kituo hiki hakikuwemo kwenye ramani. Mhandisi wa reli aliumwa jino hapa, akalala siku tatu. Vibarua wakachoka kumngoja, wakajenga benchi. Benchi likataka paa, paa likataka kituo. Sasa wakubwa wamegundua.

— Kwa hiyo tumekalia jino? — aliuliza Kinyozi.

— Bovu. Na dawa yake mnaijua.

Mama Kahawa hakucheka. Kuta zile baba yake alizipaka chokaa kila mwaka kwa mkono wake.

Akaja mkunga na mkoba wake, anaelekea hospitali ya wilaya.

— Hamjambo wazee. Treni ya saa nne hapa inasimamishwaje?

Kinyozi akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akamtazama Bunge. Bunge akanyamaza.

— Ilikuwa inasimama yenyewe — alisema Kinyozi mwishowe.

— Yenyewe tu?

Mama Kahawa akaweka birika chini. Dereva wa zamani alikuwa akisimama kwa ajili ya kahawa yake, miaka kumi na moja. Lakini kabla ya hapo, kila asubuhi, baba yake alisimama kando ya nguzo nyeupe, mkono juu.

Honi ikalia kwenye kona.

— Inukeni — akasema. — Wote. Pale nguzoni, mikono juu.

Walikwenda mbio, Kinyozi na kitana chake mkononi. Treni ikapunguza mwendo, ikalia, ikasimama. Dereva akachungulia.

— Shikamooni. Mwezi mzima nawaona mmekaa. Nikajua mnapunga upepo.

Mama Kahawa alimpita. Alimwendea kondakta mlangoni mwa behewa.

— Mwanangu, andika. Saa nne na dakika sita, imesimama.

Hakuondoka mpaka kalamu ilipoinuka kwenye karatasi. Kisha wakapanda wote na mkunga, hadi kituo cha pili, birika mkononi, na Bunge akalihutubia behewa zima.

Fundi Saa alifariki mwaka jana. Mkunga amehama, ila yu hai. Kinyozi yupo, Bunge yupo, sauti tu imekwisha. Mama Kahawa yupo, na jengo lipo.