Fomu Inataka Shahidi

Basi zima lilinyamaza, kwa adabu ile ya watu wanaosikiliza yasiyowahusu. Fundi cherehani wa miaka arobaini alikuwa amempa dada yake fomu ya daktari. "Dada, bila mtu aliyeniona utotoni hawanipimi usonji. Mama hayupo, umebaki wewe. Nimechoka kuitwa mwenye kiburi."

"Usonji ukubwani, mdogo wangu? Ulikuwa mkaidi tu! Wageni wakija, uko chini ya kitanda unapanga vifungo kwa rangi. Nikikufinya uwatazame usoni, unapiga mayowe mpaka unatapika."

"Basi andika hayo hayo."

Abiria, majaji wasioteuliwa na yeyote, waliona kesi imekwisha.

"Na kufinya niandike?"

"Ulinifinya kila siku, dada. Andika."

Dada aliikunja fomu mara nne, akashuka nayo kituo kisicho chake.