Chupa Sita za Donna Ersilia: Maisha ya Mzee Byron Lokeno Ewoi, 1957–2025

Mchungaji, wazee wenzangu wa kanisa, shemeji yangu Jepkoech na watoto, majirani wa Nakwamekwi, nanyi mliotoka Kakuma, Lokichoggio na Namoruputh kuja kutuzikia mtu wetu, ejok, salamu kwenu nyote. Jina langu ni Zakayo Lotiir Ewoi, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wengi wenu mmeona kwamba jeneza lililo mbele yetu halina skafu ya kijani ambayo mzee wa kanisa letu huzikwa nayo, na mmekuwa mkiulizana kwa sauti ya chini. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu skafu hiyo ina tarehe zake, na nitaifikia kila moja mahali pake.

Byron Lokeno alizaliwa Namoruputh mwaka wa 1957, mtoto wa tano wa Mzee Ewoi Lokwang na Mama Akai Lomuria. Siku na mwezi havikuandikwa popote, kwa hiyo tarehe mosi Januari iliyo kwenye kitambulisho chake ni ya karani, si ya mama yetu, ambaye alikumbuka tu kwamba mvua ilikuwa imenyesha na mbuzi walikuwa na maziwa. Alisoma shule ya msingi hapa Lodwar kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1972, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, akaacha mwaka wa 1974 ukame ulipomaliza mifugo ya baba. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika cheti chake cha kuondoka kwamba kijana huyu hasemi asichokiona, na ninayataja maneno hayo kwa sababu yatahitajika.

Alianza kazi mwaka wa 1976 kama karani wa stoo katika idara ya maji hapa Lodwar, na tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa na shirika la misaada kule Lokichoggio, kutunza stoo ya unga, mafuta na dawa kando ya uwanja wa ndege. Siku hiyohiyo aliajiriwa Shadrack Ekidor Lopeyok, na ninalisoma jina hilo kamili kama lilivyo katika daftari la ubatizo. Vijana hao wawili walilala hema moja kwa miaka minne, walikula sufuria moja, na mmoja akiugua mwenzake alitia sahihi kwa niaba yake. Tarehe 19 Novemba 1994 Byron alipofunga ndoa na Mwalimu Rael Jepkoech, aliyekuwa amehamishiwa Lodwar kutoka Nandi, Shadrack ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi. Mtoto wao wa kwanza, Ewoi, alizaliwa mwaka wa 1995, na wa pili, msichana, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1998, na Shadrack alisimama kwa ubatizo wake pia, akiwa baba wa ubatizo.

Msichana huyo anaitwa Ersilia Akiru, na wengi wameuliza jina Ersilia limetoka wapi. Mwezi Juni 1997 rubani mmoja wa ndege za misaada, Bwana Renzo Terravecchi, aliangushwa na malaria uwanjani Lokichoggio, marehemu akamlaza nyuma ya gari la unga, akamshika kichwa njia nzima hadi hospitali, akakaa naye siku nne mpaka alipoanza kujitambua. Watu wa Bwana Renzo wana shamba la mizabibu katika vilima vya Italia tangu mwaka wa 1783, na hawajawahi kuliuza wala kulipangisha kwa mtu. Divai yao nyekundu iliyo bora kuliko zote inaitwa Donna Ersilia, kwa jina la bibi mjane aliyeliokoa shamba hilo. Hutengenezwa kwa aina tatu za zabibu, kila aina ikilazwa peke yake katika mapipa ya mbao, kisha mkubwa wa familia huzichanganya kwa kuonja, na kipimo hakiandikwi. Mtoto akizaliwa katika nyumba hiyo, chupa sita za mavuno ya mwaka wake huwekwa kando, wala hazifunguliwi mpaka siku zake za harusi. Bwana Renzo alisema kwamba mtoto wa mtu aliyemshika kichwa ni mtoto wa nyumba yao, na mwezi Februari 2001 alileta sanduku la mbao lenye chupa sita za mavuno ya 1998, zimezibwa kwa nta nyeusi.

Marehemu hakuwahi kuonja kileo maishani mwake, na alikuwa mzee wa kanisa tangu 1999, kwa hiyo kabla ya kulipokea sanduku aliliandikia baraza la wazee barua, tarehe 20 Februari 2001, akieleza kwamba divai hiyo ni amana ya mtoto na yeye ni mtunzaji tu. Baraza lilimkubalia kwa sharti moja, kwamba nta isivunjwe mpaka siku ya harusi, na mbele ya wazee. Akajenga nyuma ya nyumba yake chumba kidogo cha makaa, kama kile cha kuhifadhia dawa Lokichoggio, yaani kuta mbili za wavu na makaa katikati, maji yakimwagwa asubuhi na alasiri ili upepo wetu wa moto upite na kupoa. Alimwagia maji kuta hizo kwa miaka ishirini na mmoja, na akiwa kazini mkewe alimwagia, ingawa alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "Baba Ewoi, hizi chupa zako zinaoga kuliko watoto," naye akijibu, "Watoto wanajua kulia, Mwalimu, chupa haijui."

Mwaka wa 2007 alihamishiwa stoo ya Kakuma pamoja na Shadrack. Kuanzia tarehe 2 Julai hadi 28 Septemba 2014 alilazwa Eldoret kwa ugonjwa wa figo, mkewe akiwa kando ya kitanda, na ufunguo wa chumba cha makaa aliuacha kwa Shadrack, ili maji yasikosekane.

Tarehe 10 Desemba 2022 Ersilia aliolewa na Mwalimu Tut Gai wa Kakuma. Kesho yake, Jumapili, saa saba mchana, wageni watatu wa familia ya Terravecchi na wazee wanne wa kanisa, mimi nikiwa mmoja wao, tuliketi nyumbani kwa marehemu, naye akaleta sanduku akilibeba kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Nta ilikuwa nzima. Bwana Renzo alivunja ya kwanza, akakitazama kizibo pande zote, akakiweka mezani, akamimina, akaonja, akatema katika kitambaa. Alifungua zote sita, na zote zilinuka uchachu wa maua yaliyooza. Akasema kwa Kiswahili alichojifunza Lokichoggio, "Byron, hii si ya nyumbani." Wageni hao waliondoka Jumatatu, siku tatu kabla ya siku yao, na hawakuandika tena.

Tarehe 20 Januari 2023 baraza la wazee lilikaa. Shtaka lilisomwa na katibu wa baraza, Mzee Shadrack Ekidor Lopeyok, kwamba Mzee Byron alivunja nta, akanywa divai kwa siri, akajaza chupa kwa kitu kingine na kulidanganya kanisa. Marehemu aliulizwa kama kuna mwingine aliyewahi kuwa na ufunguo, akasema, "Yupo, lakini mimi sikumwona akifanya kitu," akakataa kumtaja. Wazee saba waliinua mikono avuliwe skafu, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wangu. Sikumuuliza ndugu yangu nyumbani, wala siku ile wala baadaye, nikaliamini neno lililosomwa vizuri kuliko mtu niliyemfundisha kutembea. Jepkoech ameniambia juzi kwamba usiku na mchana alimsihi aseme, naye jibu lake lilikuwa hilohilo, "Ufunguo nilimpa mimi mwenyewe."

Aliendelea kuja ibadani kila Jumapili, akikaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Kuanzia Machi 2024 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na aliaga dunia hapa Lodwar siku ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, saa tisa na robo alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Historia yake ingeishia hapo, na skafu ingebaki ilipo, lakini Jumanne tarehe 14 Oktoba alifika matangani Mama Ayak Deng, mwenye hoteli ya chakula Kakuma, akaniita kando, na maneno yake niliyaandika kama alivyoyatamka. "Baba, mimi nasikia watu hapa wanasema Byron alikunywa. Ile kitu ya chupa ni karkade, ile chai nyekundu ya maua, na ni mimi nilipika. Shadrack alikuja na chupa sita tupu, mwezi ile nilizaa mtoto wangu wa mwisho, akasema Mama Ayak, pika nzito, sukari hapana, ni dawa ya presha ya mzee mmoja Lodwar. Nikamwambia, huyo mzee akimaliza chupa sita atakojoa mpaka afike Juba! Akacheka sana. Baba, mimi pia nilicheka." Mtoto wake huyo alizaliwa tarehe 9 Agosti 2014. Kisha akaniwekea mkononi kizibo ambacho Shadrack alikiacha jikoni siku hiyo, na ambacho yeye amekuwa akifungia chupa ya mafuta ya simsim miaka yote hii, kimechomwa herufi zinazosomeka TERRAVECCHI 1998.

Alhamisi tarehe 16 nilikwenda kwa Shadrack na mashahidi wawili, nikamwekea kizibo mezani. Hakukana. Alisema kwamba Agosti 2014 walikuja wakubwa kutoka Nairobi kuchagua mkuu wa ofisi ya Kakuma, akataka waone kwamba anajua kukirimu, wakanywa chupa tatu wakazisifu, tatu wakazimaliza kesho yake, na cheo alikipata tarehe 1 Oktoba. Nta aliitengeneza kwa mshumaa na masizi. Kisha akaniomba, "Mzee Lotiir, soma yote, lakini jina langu usilisome, nina wajukuu." Nilimjibu kwamba Byron naye ana wajukuu, na jina lake lilisomwa.

Nimewaandikia watu wa Terravecchi. Binti wa Bwana Renzo amejibu kwamba baba yake alifariki tarehe 9 Machi 2024, na kwamba hakupenda tena Lokichoggio itajwe mezani pake.

Jana baraza la wazee lilifuta uamuzi wa tarehe 20 Januari 2023, kwa sauti zote, yangu ikiwa ya kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na wa hapa Lodwar, majirani waliotuchotea maji na kutulaza wageni, Mama Ayak kwa safari yake, na wote waliofanya kazi na marehemu stoo, isipokuwa mmoja. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Skafu za wazee hutunzwa na katibu. Shadrack Ekidor Lopeyok ameketi safu ya tatu upande wa kulia, na skafu ya ndugu yangu imo katika bahasha iliyo magotini pake. Naomba asimame, ailete mwenyewe, aitandaze juu ya jeneza kwa mikono yake. Mstari uliobaki kwenye karatasi yangu nitausoma akishafanya hivyo, na mimi ni mzee wa miaka themanini, nimezoea kusimama kwenye jua, nitangoja.

Mzee wa kanisa Byron Lokeno Ewoi, pumzika kwa amani.