Sheria Imepita, Meli Je?

Nje ya geti la bandari kuna benchi la mbao, na benchi hilo lina wenyewe. Kuna Bungeni, asiyekosa kikao cha bunge redioni. Kuna Kuli, aliyebeba nusu ya mizigo ya mji huu. Kuna Nahodha, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. Na Mama Kahawa, anayetunywesha na kutuvumilia. Mumewe alikuwa baharia kwenye meli iliyopinduka mwaka jana: mvua ilipiga, abiria wote wakakimbilia upande mmoja, ikalala. Hatukumzika, maana hakupatikana. Leo asubuhi sheria ya usalama wa meli imepita, nasi tumeipokea kama tunavyopokea kila kitu, kwa mdomo.

BUNGENI: Imepita, jamani! Kila meli ya abiria lazima ipimwe. Hata watu wote wakihamia upande mmoja, isipinduke.

KULI: Wabunge wengi, chombo huenda mrama.

BUNGENI: Ni manahodha wengi, wewe!

NAHODHA: Msinitaje. Mimi ningeandika abiria wafungwe mikanda, wasihame.

KULI: Na meli ikizama?

NAHODHA: Watazama kwa mpangilio.

KULI: Acha hizo. Wanene wakae chini, wembamba juu. Dau la mnyonge haliendi joshi.

NAHODHA: Dawa ni kupiga marufuku mvua. Si ndiyo iliyowakimbiza?

Hakuna aliyecheka. Mama Kahawa alikuwa ameacha kumimina.

MAMA KAHAWA: Ile ghorofa ya tatu ya meli yao waliichomelea baadaye. Baba watoto aliniambia, siku hizi meli inayumba hata gatini. Nikamjibu, kazi ni kazi. Sheria hii ingekuja mwaka juzi, ningekuwa na mume.

BUNGENI: Haraka haraka haina baraka, Mama.

MAMA KAHAWA: Kamwambie yeye.

Ndipo dada mmoja akasimama mbele yetu, mtoto mgongoni, begi mkononi.

DADA: Shikamooni. Hii meli inayopiga honi, imeshapimwa?

BUNGENI: Marahaba, mwanangu. Aa... wenye meli wamepewa miaka miwili wajiandae.

DADA: Mama yangu amelazwa ng'ambo, ananiita. Sasa nipande, nisipande?

Bungeni akazima redio. Kuli akatazama vidole vyake vya miguu. Mama Kahawa akakaza kanga iliyomfunga mtoto mgongoni. Honi ikalia tena. Dada akatuaga kwa adabu, akaenda. Tukamwona akipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu, maana chini kulikuwa kumeshajaa.